"Leo Iko Nini?" Kula Hotelini Mbarara na Nakivale



Wanafunzi wetu wanaokwenda Uganda Magharibi kwa mazoezi ya lugha hurudi na malalamiko yanayofanana. Wanasema kwamba sarufi waliyojifunza darasani iliwasaidia sokoni, ikawasaidia kwenye basi, lakini ikawaangusha hotelini. Mmoja aliagiza wali akaulizwa wali ni nini. Mwingine aliomba chakula akaletewa ndizi tupu kwenye sahani, kisha mhudumu akasimama akimtazama kama anayesubiri sentensi iishe. Wa tatu alisema "Lete maji" kwa sauti ya kawaida kabisa, na meza ya jirani ikanyamaza.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini mambo hayo hutokea. Tutaangalia sehemu mbili zilizo karibu: jiji la Mbarara, na makazi ya wakimbizi ya Nakivale yaliyoko wilaya ya Isingiro, yapata kilomita 60 kutoka hapo. Tunazungumzia hoteli ndogo za mtaani tu, zile ambazo mtu hula mchana akarudi kazini. Huko ndiko lugha inakofanya kazi kila siku, na huko ndiko mwanafunzi anakopaswa kuanzia.

Hoteli, mgahawa na mama ntilie

Kwanza tukubaliane juu ya neno lenyewe. Katika Kiswahili cha Afrika Mashariki, hoteli si lazima iwe na vitanda. Mtu akisema "Nakwenda hotelini" saa saba mchana, ana njaa, hana usingizi. Uganda pia ni hivyo hivyo: kibao cha mbao kilichoandikwa neno hoteli kinaweza kuwa juu ya chumba chenye meza tatu na masufuria manne.

Neno mgahawa, ambalo wengine husema mkahawa, linatokana na kahawa. Hapo zamani palikuwa mahali pa kunywa, na kula kulifuata baadaye. Tanzania ina jina jingine linalopendwa, mama ntilie. Hebu tulichambue. Kitenzi ni tia. Ukikiweka katika kauli ya kutendea unapata tilia. Mteja anasema "Mama, nitilie", yaani nitilie chakula kwenye sahani yangu. Ombi la mteja limegeuka kuwa jina la mpishi. Tafadhali likumbuke neno hili, kwa sababu tutalirudia mwishoni.

Mbarara: chakula ni kimoja, kitoweo ni kingine

Mbarara ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, lakini kwa msafiri imekuwa njia panda kwa muda mrefu. Barabara kuu kutoka Kampala hupita hapo kuelekea Kabale na mpaka wa Rwanda. Njia nyingine huenda Bushenyi na Kasese kuelekea Kongo. Nyingine hushuka Isingiro hadi Kikagati, kwenye mto Kagera, na ng'ambo yake ni Tanzania. Madereva wa malori, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilichoanzishwa mwaka 1989, wachuuzi wa maziwa na wauguzi wote wanahitaji kula mchana. Ndiyo maana mitaa kama Kakoba, Kijungu na Ruti haikosi hoteli ndogo.

Sasa turudi kwa yule mwanafunzi aliyeletewa ndizi tupu. Hakukosewa. Katika lugha za Uganda chakula hugawanywa sehemu mbili. Waganda husema emmere na enva. Emmere ni kile kinachoshibisha: matoke, ugali, wali, viazi, muhogo, magimbi. Enva ni kile kinachoteremsha: maharage, nyama, samaki, mchuzi wa karanga. Mganda au Mnyankole anapozungumza Kiswahili huutumia mgawanyo huo huo. Ukisema "Nipe chakula", kwake umetaja nusu ya mlo. Anangoja utaje nusu ya pili.

Jambo la kufurahisha ni kwamba Kiswahili kina neno sahihi kabisa kwa nusu hiyo ya pili, nalo ni kitoweo. Wanafunzi wetu wengi hawalijui kwa sababu vitabu vya mwanzo hufundisha majina ya vyakula kama orodha ndefu bila kueleza jinsi yanavyokaa pamoja. Hotelini Mbarara bei hufuata kitoweo. Utapata matoke, ugali, wali na kipande cha boga kwenye sahani moja, na vyote hivyo ni "chakula" tu. Kinachokufanya ulipe kidogo au zaidi ni kama umechagua maharage, karanga, nyama au kuku. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mhudumu linapaswa kuwa "Kuna kitoweo gani leo?" Hata kama halijui neno kitoweo, ukiendelea kwa kutaja "maharage, nyama, karanga?" atakuelewa mara moja.

Kuhusu wali: Waganda husema omuceere kwa mchele ulio gunia na kwa mchele uliopikwa. Sisi tuna maneno matatu, yaani mpunga shambani, mchele dukani na wali mezani, na tunajivunia. Lakini Mbarara ukiomba "mchele" mezani hakuna atakayekuletea punje mbichi. Omba mchele, ule wali.

Yafuatayo ni majina mengine ambayo msafiri atakutana nayo:

Katogo ni chakula cha asubuhi. Ndizi mbichi hupikwa pamoja na utumbo au maharage katika sufuria moja mpaka mchuzi unakuwa mzito. Hapa chakula na kitoweo havitenganishwi, kwa hiyo unataja neno moja tu.

Karo ni ugali wa ulezi, mara nyingi ukichanganywa na unga wa muhogo. Ni mzito, una rangi ya kahawia, na hukatwa kwa vidole.

Eshabwe ni kitoweo cheupe cha Wanyankole kinachotengenezwa kwa samli, maji na chumvi. Huliwa kikiwa baridi, hasa kwa karo. Ni chakula cha heshima, cha harusi na wageni, kwa hiyo usikasirike hoteli ndogo ikikwambia leo hakipo.

Rolex ni chapati iliyoviringishwa na mayai ya kukaanga ndani, nyanya na kabichi vikiongezwa. Huuzwa kando ya barabara, hasa jioni.

Kikomando ni chapati iliyokatwa vipande vipande na kumwagiwa maharage. Tazama kiambishi ki- mbele ya komando: neno la kigeni limepokelewa na kuvishwa ngeli. Ni mlo wa mwanafunzi ambaye fedha za nyumbani bado hazijafika.

Usisahau maziwa. Ankole ni nchi ya ng'ombe wenye pembe ndefu, na Mbarara ni kitovu cha biashara ya maziwa ya Uganda. Kuna vibanda vinavyouza maziwa tu, ya moto au yaliyoganda ambayo huitwa bongo, pamoja na chapati au andazi.

Kuagiza si kuamrisha

Tumfikie sasa yule aliyesema "Lete maji". Kisarufi hana kosa. Kosa liko katika historia ambayo hakuijua.

Mbarara ni mji wa kambi ya jeshi. Mwezi Septemba 1972 wapinzani wa Idi Amin waliokuwa uhamishoni Tanzania waliishambulia kambi hiyo wakashindwa. Mwezi Februari 1979 majeshi ya Tanzania, yakiwa pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, yaliuteka mji. Katika miaka yote hiyo lugha ya askari ilikuwa Kiswahili. Mwaka 1973 Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, lakini amri haikukifanya kipendwe. Kwa raia wengi wa kusini na magharibi, Kiswahili kilisikika kwanza kwenye kizuizi cha barabarani, na kilisikika katika hali ya kuamuru: simama, toka, lete, kaa chini.

Ndiyo maana mzee aliyeketi meza ya jirani anaposikia "Lete maji" huenda asisikie mtu mwenye kiu. Maneno hayo aliwahi kuyasikia yakisemwa na mtu mwenye bunduki.

Mambo yamebadilika sana. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Vijana wa Mbarara wanakijua kupitia muziki, biashara na majirani. Lakini sifa ya lugha hubadilika polepole kuliko sheria, na hubadilishwa zaidi na namna watu wanavyoombana maji kuliko na tangazo la serikali.

Basi mwanafunzi afanye nini? Aanze kwa salamu ya wenyeji: "Agandi, nyabo" kwa mwanamke, "Agandi, ssebo" kwa mwanamume. Akishajibiwa, aendelee kwa Kiswahili chake: "Naomba maji, tafadhali." Badala ya "lete", tumia "naomba" au "ningependa". Ukimaliza sema "Webare munonga", yaani asante sana. Maneno manne matano ya Kinyankole hayakipunguzii Kiswahili chako heshima. Yanaonyesha kwamba umebisha hodi kabla ya kuingia.

Nakivale: Kiswahili cha jikoni

Ukiondoka Mbarara kwa teksi kuelekea Isingiro, unapita kwenye vilima vya migomba mpaka unafika bonde la Ziwa Nakivale. Makazi ya Nakivale yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati Watutsi walipokuwa wakikimbia machafuko ya Rwanda. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Leo yana watu zaidi ya 150,000 katika maeneo matatu: Base Camp, Juru na Rubondo. Wakongomani ndio wengi, wakifuatiwa na mataifa mengine, hasa Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na Eritrea.

Asiyeijua Uganda hudhani kwamba kambi ni mahema na uzio. Nakivale haina uzio. Familia ilizoea kupewa kipande cha ardhi, ingawa vipande vimezidi kuwa vidogo kadiri watu walivyoongezeka. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea nchini. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Uganda ilitoa jembe, na wengine wakaligeuza kuwa mwiko wa kusongea ugali.

Katika vituo vya biashara vya Base Camp unaweza kuzunguka nchi tano kwa miguu ndani ya nusu saa. Kwa Wasomali kuna wali wenye viungo, tambi, sambusa, nyama ya mbuzi iliyochinjwa kihalali, na ndizi mbivu inayowekwa kando ya sahani ili iliwe pamoja na wali. Mgeni akiila ndizi hiyo mwishoni kama tunda, mwenye hoteli hutabasamu. Wengi waliopitia Kenya kabla ya kufika hapa wanasema Kiswahili cha Nairobi. Kwa Waethiopia kuna injera, mkate mpana laini wenye uchachu, na kahawa inayokaangwa mbele yako. Hapo neno mgahawa linarudi kwenye maana yake ya mwanzo.

Kwa Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda utakuta ugali, maharage na majani ya muhogo yaliyotwangwa. Majani hayo Mtanzania huyaita kisamvu, Mkongomani wa Kivu huyaita sombe, na Mrundi na Mnyarwanda huyaita isombe. Ugali wenyewe ni bugali kwa mtu wa Bukavu, bukari kwa mtu wa Lubumbashi, ubugari kwa Mrundi, fufu kwa wengine. Dagaa mkavu wa Ziwa Victoria, ambaye Waganda humwita mukene, huvishwa jina la ziwa la nyumbani: aliyekulia karibu na Ziwa Tanganyika atamwita ndakala, wa Ziwa Kivu atamwita sambaza. Samaki ni mgeni, jina ndilo limebebwa mgongoni.

Hapa Kiswahili hakina kumbukumbu ya kizuizi cha barabarani peke yake. Ni lugha ambayo mama wa Kivu alimbembelezea mtoto, na sasa anaitumia kumuuzia chakula Mrundi, Msomali na Mganda. Ni muhimu mwanafunzi aelewe kwamba Kiswahili hiki hakikuharibika. Kina kanuni zake. Tumetunga mazungumzo mafupi ili kuzionyesha:

Mteja: Jambo, mama.
Mwenye hoteli: Jambo yako, papa. Karibu, ikala.
Mteja: Leo iko nini?
Mwenye hoteli: Iko bugali, iko muchele. Sombe iko, maharagi iko, ndakala iko.
Mteja: Nyama?
Mwenye hoteli: Nyama haiko leo.
Mteja: Munipe bugali na sombe.
Mwenye hoteli: Na ndakala kidogo?
Mteja: Hapana mama, sombe tu.

Tuchunguze mambo matatu. Kwanza, iko. Katika Kiswahili sanifu tungesema "kuna bugali" au "maharage yapo". Mwenye hoteli anatumia iko kwa kila kitu, bila kujali ngeli. Mwanafunzi aliyehangaika kukariri upatanisho atafurahi. Pili, munipe. Anayeambiwa ni mtu mmoja, lakini mteja anatumia nafsi ya pili wingi kwa heshima. Huwezi kudai kwamba lugha yenye utaratibu huu haina adabu. Tatu, jambo. Walimu tumezoea kuwaonya wanafunzi kwamba "jambo" ni salamu ya watalii. Mashariki ya Kongo ni salamu halisi ya watu, na kuikataa ni kumkosea aliyekusalimu.

Je, mwanafunzi aige? Tunashauri asikie yote, aseme sanifu, na aazime kidogo kidogo. Ukiuliza "Leo kuna nini?" utaeleweka. Ukiuliza "Leo iko nini?" utaeleweka na utaongezewa mchuzi.

Posho na sahani

Limebaki neno moja, na pengine ndilo zito kuliko yote. Waganda huita ugali wa mahindi posho. Katika Kiswahili sanifu posho si jina la chakula. Ni mgawo: kiasi anachopimiwa askari, mfanyakazi au mwanafunzi wa bweni. Kwa kuwa watu hao walipimiwa unga wa mahindi siku baada ya siku, jina la mgawo likawa jina la ugali.

Nakivale maana zote mbili zinaishi pamoja. Kwa miaka mingi wakimbizi wamepokea mgawo kutoka Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, baadhi yao nafaka na baadhi fedha taslimu. Mwezi Aprili 2020 mgawo ulipunguzwa kwa asilimia 30 kwa sababu ya upungufu wa fedha, ukapunguzwa tena mwaka 2021, na mwaka 2023 familia zikaanza kupangwa kwa makundi ili walio na shida zaidi wapate zaidi. Mgawo ukipungua, hoteli nazo hutetereka, kwa sababu mteja ni yule yule. Mwenye hoteli hupunguza unga sufuriani, huondoa nyama, au huandika madeni kwenye daftari mpaka kurasa ziishe. Kukopa harusi, kulipa matanga, wahenga walisema. Lakini mwenye hoteli na mteja wamekimbia vita ile ile, na si rahisi kumnyima mtu sahani ya maharage.

Kwa nini basi mtu mwenye kidogo namna hiyo ale hotelini? Wengine ni vijana wasio na jiko. Wengine wametembea mbali kutoka Juru kushughulikia karatasi zao. Lakini kuna sababu nyingine inayohusu sarufi. Katika foleni ya mgawo mtu hupimiwa. Vitenzi viko katika kauli ya kutendwa: anaitwa, anaandikwa, anapewa. Hakuna anayemuuliza kama anapenda mtama. Hotelini anakaa, anauliza leo iko nini, anasikiliza orodha, na anasema sombe tu. Hata sahani iwe ndogo, yeye ndiye mtendaji wa sentensi. Na upande wa pili wa jiko yuko mwanamke ambaye naye angeweza kubaki kwenye orodha ya wanaopewa, lakini leo ni yeye anayetia.

Hapo tunarudi kwa mama ntilie. Posho ni neno la anayepimiwa. Nitilie ni neno la anayechagua. Yote mawili ni Kiswahili, na umbali kati yake ndio ambao watu wa Nakivale huutembea kila mchana.

Kwa ufupi

Mwanafunzi anayejiandaa kwa safari azingatie haya. Salimia kabla ya kuagiza. Mbarara taja chakula na kitoweo. Tumia "naomba" mahali ambapo kitabu kinasema "lete". Usisahihishe Kiswahili cha mtu anayekupikia. Uliza chakula kinaitwaje kwao, uandike jina hilo kwenye daftari lako pamoja na nchi yake. Na ukiwa Nakivale, kula hotelini badala ya kubeba mkate kutoka mjini, kwa maana fedha yako ndogo ni unga wa kesho wa mtu mwingine.

Wasomaji waliokula Mbarara, Nakivale au mahali pengine penye Kiswahili cha aina yake, tunawaomba mtuletee maneno mliyoyasikia mezani ili tuyachapishe katika toleo lijalo.

Karibuni chakula. Na kitoweo.